Nördlingen: ukuta wa watu, kasoko ya kimondo

Picha ya Nördlingen iliyopigwa kutoka angani huwapoteza watu wengi. Unaona mji mdogo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mapaa mekundu yamebanana ndani ya duara, ukuta umeuzunguka mji wote bila kukatika, na mnara wa kanisa umesimama katikati kama mlingoti wa hema. Chini ya picha pameandikwa kwamba mji huu umejengwa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo. Ukuta ni kweli na shimo ni kweli, lakini mtazamaji huviunganisha na kudhani duara lile la ukuta ndilo ukingo wa shimo.

Sivyo. Ukuta una mzunguko wa kilomita 2.7 hivi, maana yake ukikatiza mji kutoka lango la upande mmoja hadi la upande wa pili hutembei hata kilomita moja. Kasoko yenyewe, yaani shimo la kimondo, iitwayo Ries, ina upana wa kilomita 24 hivi. Mji umekaa ndani yake kama punje ya harage kwenye sinia, tena si katikati ya sinia, bali upande wa kusini-magharibi. Ukitaka kuuona ukingo wa kweli, panda mnarani uangalie mbali: ile mistari ya vilima vyenye misitu inayozunguka upeo wa macho ndiyo kuta za kasoko. Sehemu ya ndani ni tambarare, mashamba matupu hadi mbali, misitu haba, kwa kuwa udongo una rutuba na watu walishaufyeka zamani sana.

Anayeijua Ngorongoro atalielewa umbo hili haraka, na ulinganisho huo una faida yake. Ngorongoro nayo inakaribia upana wa kilomita 20, sakafu tambarare, kuta pande zote. Lakini Ngorongoro ni volkano iliyobomokea ndani, na kwa miaka mingi wataalamu wa miamba wa Ujerumani waliamini kwamba Ries nayo ni volkano. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na duara kubwa la ardhi iliyobonyea, na walikuwa na jiwe la kijivu lenye vipande vya kioo cheusi ndani yake, linalofanana sana na majivu ya volkano yaliyogandamana. Jiwe hilo waliliita sueviti, kutokana na Suevia, jina la Kilatini la eneo la Schwaben. Ernst Werner alipendekeza mwaka 1904 kwamba huenda kitu kilianguka kutoka angani, na Otto Stutzer akalirudia wazo hilo mwaka 1936, lakini hawakusikilizwa. Ushahidi haukuwapo.

Ushahidi ulikuja kupitia madini madogo yasiyoonekana kwa macho. Kwatzi ni madini ya kawaida kabisa, ndiyo chembe nyingi za mchanga wa pwani. Ukiikandamiza kwa shinikizo la zaidi ya mara 20,000 ya lile la hewa tunayovuta, hubadilika muundo na kuwa koesiti. Loring Coes aliitengeneza maabara mwaka 1953, na ndiyo sababu ikapewa jina lake. Volkano hailipuki kwa shinikizo la namna hiyo juu ya ardhi. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker, mtaalamu wa miamba wa Marekani, alifika Ries na kuchukua vipande vya sueviti kwenye machimbo ya Otting, upande wa mashariki wa kasoko. Edward Chao alipovichunguza akakuta koesiti. Hoja ya volkano ikafa hapo, ingawa wapo walioendelea kuitetea kwa miaka kadhaa, kama ilivyo kawaida ya watu waliofundisha jambo moja maisha yao yote.

Kilichotokea ni hiki. Miaka milioni 15 hivi iliyopita, jiwe la angani lenye kipenyo cha zaidi ya kilomita moja lilishuka kwa mwendo unaokadiriwa kuwa kilomita 20 kwa sekunde. Hapa ulinganisho na Kimondo cha Mbozi kule Songwe unasaidia. Kimondo cha Mbozi ni pande la chuma la urefu wa mita 3 hivi. Jiwe la ukubwa huo hupunguzwa kasi na hewa, likafika chini likiwa zima, na hadi leo unaweza kuligusa. Jiwe la Ries halikupunguzwa kasi na chochote. Kwake hewa ilikuwa kama haipo. Lilitoboa tabaka za mawe ya chokaa, udongo na mchanga zenye unene wa mita 600 na ushei, likaingia kwenye miamba migumu ya chini, na lenyewe likageuka mvuke. Ndiyo maana ni kazi bure kuuliza kimondo kiko wapi. Hakuna kipande chake cha kuokota.

Shimo la kwanza lilikuwa na kina cha kilomita kadhaa lakini halikudumu. Ndani ya dakika chache kingo ziliporomoka kuelekea ndani, sakafu ikainuka, na duara likapanuka hadi upana tunaouona leo. Mawe yaliyorushwa yalitua kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio ufunguo wa kuisoma nchi yote ya Ries. Kwanza ulitua mchanganyiko wa rangi nyingi, nyekundu, njano, kijivu, zambarau, uliotokana na tabaka za juu. Wajerumani huuita Bunte Brekzie. Juu yake, baada ya wingu la moto kuanza kushuka, ikatua sueviti: vumbi la miamba ya chini, vipande vilivyopondeka na matone ya kioo kilichoyeyuka, vyote vikiwa vya moto sana. Kwenye machimbo ya Aumühle, karibu na mji wa Oettingen, mpaka wa tabaka hizo mbili unaonekana wazi, kama keki iliyokatwa kwa kisu. Vipande vya chokaa vilirushwa kilomita 70 kuelekea kusini. Mchanga wa juu kabisa uliyeyuka, ukaruka hadi nchi ambayo leo ni Cheki, ukaanguka ukiwa kioo cha kijani kinachoitwa moldaviti, na sasa watu wanakivaa kama kito.

Baadaye kasoko ilijaa maji ikawa ziwa, likaweka matope yake kwa mamia ya mita. Mwaka 1973 kilichimbwa kisima cha utafiti karibu na Nördlingen hadi kina cha mita 1,206, na tabaka zote hizo zikatoka kwa mpangilio wake: matope ya ziwa juu, sueviti chini yake, kisha miamba iliyovunjikavunjika.

Sasa turudi mjini, maana jiwe hilo ndilo lililojengewa kanisa. Kanisa la Mtakatifu Georg lilianza kujengwa mwaka 1427 na kukamilika mwaka 1505, na kuta zake na mnara wake ni sueviti. Sogea ukutani uangalie kwa karibu. Rangi ni kijivu inayokwenda ukijani au unjano, na ndani yake mna mabaka meusi marefu yaliyopindapinda. Hayo ndiyo matone ya kioo. Wenyeji huyaita Flädle, jina la vipande vyembamba vya chapati za maji vinavyotiwa kwenye supu, na ukishaziona zote mbili utakubali kwamba aliyetoa jina hilo alikuwa anafikiria chakula cha mchana.

Mafundi wa karne ya 15 hawakuwa na habari ya kimondo. Waliipenda sueviti kwa sababu tatu za kifundi: ilikuwa karibu, ni nyepesi kuliko mawe mengi ya ujenzi, na inakatika kirahisi. Gharama ya urahisi huo wanalipa wajukuu. Jiwe lina vinyweleo vingi, na sehemu ya kioo chake imegeuka kuwa udongo wa mfinyanzi kwa miaka mingi. Udongo huo ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Halafu majira ya baridi ya Bavaria yanafika, maji yaliyomo kwenye vinyweleo yanaganda na kutanuka, na ngozi ya jiwe inabanduka. Kipande cha kioo hudondoka na kuacha tundu, tundu hukusanya maji zaidi, na mwaka unaofuata hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo usishangae ukikuta jukwaa la mafundi upande mmoja wa kanisa. Kazi ya kubadilisha mawe haina mwisho. Ukiona jiwe lenye rangi moja safi na kona kali kati ya mawe yaliyolika, hicho ni kiraka. Sueviti iliyosagwa hutumika pia kwenye saruji, matumizi ambayo pengine yanaifaa zaidi kuliko mapambo ya nje.

Na almasi? Ndiyo, zimo. Miamba ya chini ilikuwa na grafiti, ile ya ndani ya penseli, na mshindo ukaigeuza almasi. Lakini ni chembe za chini ya milimita moja, hazionekani bila darubini, na kuzitenganisha na jiwe kunagharimu kuliko thamani yake. Vichwa vya habari kuhusu mji uliojengwa kwa almasi si uongo. Vinaacha tu kutaja kipimo.

Historia ya watu hapa inaanza kuandikwa mwaka 898, pale milki ya kifalme iitwayo Nordilinga ilipokabidhiwa kwa askofu wa Regensburg. Mwaka 1215 Mfalme Friedrich wa Pili aliuchukua mji na ukawa mji huru wa Dola Takatifu ya Kirumi, iliyotawala nchi za Kijerumani enzi hizo, yaani mji usio na bwana mwingine kati yake na Kaizari. Hadhi hiyo ilikuwa na maana ya fedha. Mji huru ulijitoza kodi wenyewe, ulihukumu wenyewe na uliendesha soko lake. Miaka minne baadaye, 1219, tunasoma kwa mara ya kwanza kuhusu gulio la Pentekoste. Mahali palifaa: barabara kutoka Frankfurt na Würzburg kwenda Augsburg ilikutana hapa na ile ya kutoka Nürnberg kwenda Ulm. Wafanyabiashara walileta nguo, ngozi, vyuma na manyoya, na kwa muda mrefu gulio hili lilihesabiwa miongoni mwa makubwa ya kusini mwa Ujerumani. Bado lipo, wenyeji wanaliita Mess, ila siku hizi lina pembea na bia kuliko marobota ya nguo.

Ukuta wa kwanza ulibana. Watengenezaji wa ngozi na wafumaji walishajenga nje yake, wengi wao kando ya mto mdogo wa Eger, kwa kuwa kazi ya ngozi haiwezekani bila maji yanayotiririka na hakuna anayetaka kuinusa ndani ya mji. Mwaka 1327 Mfalme Ludwig wa Bavaria aliagiza mji upanuliwe, na ukuta wa pili ukaanza kujengwa ukizizunguka pia nyumba za nje. Huo ndio uliosimama hadi leo. Ule wa zamani haukupotea kabisa: ukitembea katikati ya mji utakuta barabara zinazopinda kwa kufuata duara dogo ndani ya duara kubwa. Huko ndiko ulikopita ukuta wa kwanza na handaki lake. Mitaa ya watengeneza ngozi inatambulika kwa mapaa. Nyumba ni pana, na ghorofa za juu ziliachwa wazi ubavuni ili upepo upite ukaushe ngozi zilizoning'inizwa.

Kuna malango 5, na majina ya manne yanakuambia barabara inaelekea kijiji gani: Baldinger kwenda Baldingen, Löpsinger kwenda Löpsingen, Deininger kwenda Deiningen, Reimlinger kwenda Reimlingen. La tano ni Berger, linaloelekea kilimani. Mnara wa Baldinger ulianguka mwaka 1703 na haukujengwa tena, ndiyo maana lango hilo linaonekana fupi kuliko wenzake. Njia ya walinzi juu ya ukuta imeezekwa kwa paa na unaweza kuizunguka yote bila malipo. Kwa mwendo wa pole itakuchukua saa moja au zaidi kidogo. Vaa viatu visivyoteleza. Mbao za sakafu zikilowa ni hatari, na mtu mrefu ainamishe kichwa, boriti haziombi radhi. Chini ya njia hiyo, zimeegemezwa ukutani, kuna nyumba ndogo sana zinazoitwa Kasarmen, ambamo watu bado wanaishi. Usichungulie madirishani.

Swali la maana zaidi kuhusu mji huu ni kwa nini ukuta haukubomolewa. Miji mingi ya Ujerumani iliangusha kuta zake katika karne ya 19 ili kupata barabara na nafasi ya viwanda. Jibu liko mwaka 1634. Katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Nördlingen, mji wa Kiprotestanti tangu enzi za Luther, ulizingirwa na jeshi la Kaizari, aliyekuwa Mkatoliki. Wasweden, Waprotestanti wenzao, chini ya Gustav Horn, pamoja na Bernhard wa Sachsen-Weimar, walikuja kuuokoa. Tarehe 5 na 6 Septemba walipigana kwenye vilima vya kusini mwa mji, hasa kile cha Albuch. Upande wa Kaizari ulikuwa umeongezewa jeshi la Kihispania lililokuwa njiani kuelekea Uholanzi ya Kihispania. Wasweden walikipanda Albuch mara kwa mara na kila mara wakarudishwa. Ukifika mahali penyewe utaelewa kwa nini: mteremko ni wazi, na aliye juu anamwona kila anayepanda. Horn alitekwa. Matokeo yake hayakuishia Ries. Ufaransa, ilipoona Wasweden wamevunjika, iliingia vitani waziwazi mwaka uliofuata, na vita vikaendelea hadi 1648.

Mji ulijisalimisha. Njaa, maradhi na fidia za vita vikaumaliza, na idadi ya wakazi ikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1645 palipiganwa vita vingine karibu, Alerheim. Biashara ya mbali haikurudi tena, na njia zake zikahamia kwingine. Mji uliobaki ulikuwa mdogo kuliko ukuta wake, na kwa karne mbili haukuwa na sababu ya kubomoa kitu wala fedha za kujenga kingine. Mwaka 1803 hadhi ya mji huru ilikwisha na Nördlingen ukawa wa Bavaria. Reli ilifika mwaka 1849, na stesheni ikawekwa nje ya ukuta, upande wa mashariki, kwenye nafasi tupu. Wanaousifu mji huu kwa upendo wa mambo ya kale wanasahau kwamba kwa kipindi kirefu uliuhifadhi ukuta kwa sababu ya ufukara.

Kuna ukurasa mwingine ambao vipeperushi vya utalii huupitia haraka. Kati ya 1589 na 1598 baraza la mji liliwaua wanawake 34 na mwanamume mmoja kwa tuhuma za uchawi. Kilichozisimamisha kesi hizo kwa sehemu kubwa ni mwanamke mmoja, Maria Holl, mwenye nyumba ya wageni, aliyeteswa mara 62 na hakukiri wala kumtaja mwenzake. Utaratibu wote uliegemea maungamo: kila aliyekiri alilazimishwa kutaja wengine, na majina hayo ndiyo yaliyozalisha kesi zilizofuata. Asiyekiri aliukata mnyororo. Jamaa zake wa Ulm walimwombea kupitia mji wao, na akaachiwa mwaka 1594. Pale kwenye uwanja wa Weinmarkt kuna chemchemi ya kumkumbuka. Anza ziara yako hapo badala ya kuimalizia hapo.

Katika jumba la halmashauri, linalotumika kwa kazi hiyo tangu 1382, angalia ngazi ya mawe ya nje ya mwaka 1618. Chini yake palikuwa na mahabusu, na pembeni pamechongwa mtu mwenye kofia ya mjinga na maneno ya Kijerumani yanayosema kwamba sasa tuko wawili. Anayesimama kuyasoma ndiye wa pili.

Makumbusho ya kasoko, Rieskratermuseum, yako ndani ya ghala la mwaka 1503 na yalifunguliwa 1990. Mna jiwe la mwezi lililoletwa na Apollo 16, na haliko hapo kwa urembo. Mwezi wa Agosti 1970 wanaanga wa Apollo 14, wakiwamo Alan Shepard na Edgar Mitchell, waliletwa Ries kujifunza miamba. Walikuwa marubani, na uso wa mwezi umejaa mawe yaliyopondwa na vimondo. Ilibidi wajue lipi la kuokota na lipi la kuacha, kwani uzito wa kurudi nao ulikuwa na kikomo. Mwaka 2022 eneo lote la Ries lilitambuliwa na UNESCO kama jiopaki ya dunia, yaani eneo linalohifadhiwa kwa umuhimu wa miamba na ardhi yake.

Wapenda soka wana sababu yao ya kufika. Gerd Müller alizaliwa hapa mwaka 1945, akachezea klabu ya mji, TSV 1861, hadi alipokwenda Bayern München mwaka 1964 na kufunga mabao 365 ya Bundesliga. Uwanja wa mji una jina lake.

Kutoka München panda treni hadi Donauwörth, ubadilishe hapo. Safari nzima ni saa mbili hivi. Ukishuka, lango la karibu ni Deininger. Makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku nyingine. Mnara wa kanisa unaitwa Daniel, kwa kumbukumbu ya nabii aliyekwezwa na mfalme juu ya nchi yote. Una urefu wa mita 90 na vidato 350, hauna lifti, na vidato vya mwisho ni vya mbao na vyembamba, hivyo anayepanda na anayeshuka hupishana kwa kungojeana. Panda asubuhi kama unataka kuuona ukingo wa mashariki dhidi ya jua, au alasiri kwa ule wa magharibi. Ukungu ukiwa mzito usipande, hutaona kitu zaidi ya mapaa.

Kama unalala mjini, usiku simama chini ya Daniel. Kuanzia saa 4 hadi saa 6 usiku, kila nusu saa, mlinzi wa mnara hupaza sauti: "So, G'sell, so!", kama kusema, "Sawa, mwenzangu, sawa!" Hadithi ya mji inasema mwaka 1440 mlinzi wa lango la Löpsinger alihongwa aliache wazi usiku ili adui aingie, na njama ikagunduliwa kwa sababu nguruwe alijikuna kwenye ubao wa lango nalo likafunguka. Mwanamke aliyekuwa akipita akamwambia nguruwe maneno hayohayo, kisha akapiga kelele. Sauti kutoka juu ni nyembamba na upepo huimeza upande mmoja, kwa hiyo usiposikia mara ya kwanza, zunguka kanisa ukasimame upande wa pili na usubiri nusu saa nyingine.